Watu wa Nyumba Hii

Mwalimu wetu wa darasa la nne tulimpachika jina Yaliyomo, maana hakupokea kazi yoyote isiyo na orodha ya yaliyomo ukurasa wa kwanza. "Habari za kweli hazimwagwi kama maharage," alizoea kusema. "Zipange, msomaji aokote anachotaka." Akatufundisha njia zake. Jambo la kufanywa, lieleze hatua kwa hatua. Jambo lililotokea, toa sababu na matokeo. Vitu viwili vinavyochanganya, vilinganishe. Na kila sehemu iwe na kichwa chake. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikuwa macho, kwa sababu nyumbani tulikuwa na mtu aliyehitaji mno kupangiwa mambo.

Bibi yangu alikuwa fundi cherehani. Mikono yake bado iliijua kazi, lakini kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, kisha akamuuliza Mama, bintiye wa kumzaa, "Wewe ni nani?" Mama alijibu kwa upole, halafu akaenda jikoni kulia, akisingizia vitunguu. Mimi Bibi alikuwa bado ananijua. Niliogopa zamu yangu kuliko nilivyoogopa giza.

Basi nikamwandikia kitabu. Ukurasa wa kwanza, Yaliyomo. Kisha "Jinsi ya Kupika Chai", hatua sita, na ile ya sita, zima jiko, nikaipigia mistari miwili. Kisha "Kwa Nini Sufuria Iliungua", sababu na matokeo, bila kumtaja aliyeiunguza; adabu nayo ni kitu. Kisha "Mama na Mama Mdogo": wote warefu, wote wana sauti nzito, ila Mama ana kovu kidevuni, na mama mdogo hucheka kabla hajasema. Mwisho kabisa, "Watu wa Nyumba Hii", kila mtu na picha yake, na maelezo chini.

Yaliyomo aliusoma mswada wangu, akanisifu mbele ya darasa, kisha akakata picha moja na maelezo yake kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa yangu. "Mwandishi wa habari za kweli hajiweki humo," alisema. Nami, mtoto mtiifu, nikaiondoa. Utii ule naujutia mpaka leo.

Kitabu kilifanya kazi. Bibi alikiweka mfukoni mwa aproni, na Mama akiingia, anakifungua, anatazama picha, anatazama kidevu. "Karibu, mwanangu." Siku ya kwanza Mama alilia palepale sebuleni, bila vitunguu. Mimi nilivimba kichwa wiki nzima.

Miezi ikapita. Alasiri moja nilirudi kutoka shule, nikamkuta Bibi peke yake kwenye cherehani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi, Bibi. Mjukuu wako."

Akaacha kukanyaga cherehani, akatoa kitabu. Alianzia Yaliyomo, kama nilivyomfundisha, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa watu. Kidole kikashuka taratibu: Mama, mama mdogo, mjomba. Akanitazama usoni, akarudi kwenye ukurasa, akashuka tena.

"Watu wa nyumba hii wote wameandikwa," alisema, bila hasira, kama anavyomwambia mteja kwamba nguo yake haijawa tayari. "Wewe sikuoni humu."

Nilitoa kalamu kwenye mkoba. "Nipe nijiandike, Bibi. Nilijisahau tu."

Alikikumbatia kitabu kifuani kwa mikono miwili. "Usikiguse! Usije ukanichorachorea. Hiki kaniandikia mjukuu wangu, kwa mkono wake mwenyewe. Yule mtoto ananipenda."

Niliuliza, "Yuko wapi?"

"Shuleni. Atarudi sasa hivi." Akaniona ninalia, akanihurumia, akanisogezea kiti. "Keti umsubiri. Yeye atajua wewe ni nani."

Nikaketi.