Hatua Kumi na Moja Kutoka Jiwe la Uji

Usiku wa jana niliota kibuyu changu cha uji kimeshuka ukutani, kimevaa viatu vya marehemu mume wangu, kinaniambia nimechelewa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Nikakijibu kwamba msaragambo ni kesho. Na kweli ilikuwa kesho. Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kitoke na majembe kwenda kuifufua ndiva, bwawa letu la udongo kule juu mlimani, lililoachwa lijae tope tangu bomba lilipoletwa. Bomba lenyewe lina mwaka wa nne halijatoa hata tone. Safari hii tuliamua wenyewe, bila kungoja mtu wa kutuletea kitu.

Jambo moja tu lilitushinda. Hakuna aliyejua tundu la kutolea maji liko wapi kwenye ukuta wa ndiva. Waliojua walikuwa wanaume wanne, na wote tumeshawazika. Mwenyekiti Sefania akasema basi, tutatoboa katikati. Sasa chini ya hapo katikati ndipo ilipo nyumba ya Naelijwa, jirani yangu, yule anayeniletea kuni kila Jumatatu na kusema eti zimemzidi. Ukuta ukibomoka, maji hayatapiga hodi kwake.

"Kesho ya huku imeshafika," kibuyu kikasema. "Twende. Uji nimebeba."

Tunapanda mlima. Mlima umechoka, unatuomba tupumzike kidogo ili nao upumzike. Tunakaa. Kibuyu kinaumiminia uji, mlima unashukuru, tunaendelea.

Njiani tunalikuta bomba limekaa pembeni, linalia bila machozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Walionileta waliondoka na spana."

"Hawakumwachia mtu hata mmoja?"

"Waliacha kibao chenye majina yao."

Nikavua khanga ya juu nikalifunika. Halikuwa na kosa lolote, maskini.

Mbele kidogo kuna mlango wa darasa, umesimama peke yake kwenye majani. Tunaingia. Ndani yumo nani? Ndiva. Imekaa dawati la nyuma, imebanwa, tope limeifika shingoni, inafanya mtihani wa historia. Msimamizi ni lile baragumu lililokuwa likiita watu kazini zamani. Lina mafua.

"Swali linasemaje?" nikainong'oneza ndiva.

"Linauliza nani alinivumbua."

"Umejibu nini?"

"Nimeandika, wenye kiu. Nimekosa."

"Mbona ni sahihi?"

"Wanataka jina moja na mwaka."

Baragumu likapiga chafya, kisha likapaza sauti: "Maji yanafunguliwa! Wa mwisho mferejini anakunywa kwanza!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu wakati wa kiangazi. Shamba la chini kabisa ndilo lililopata maji mwanzo, maana la juu haliwezi kusahaulika. Watu wote wakatoka mbio kupanga mstari, kila mmoja anamwambia mwenziwe, "Tafadhali, tangulia wewe." Mstari ukashuka mlima kinyumenyume mpaka ukapotea. Nilidhani ni adabu, kumbe ni kiu.

"Na akina mama geukeni!" baragumu likasema.

Hapo darasa halipo tena. Tuko juu, kwenye lile jiwe bapa tulilokuwa tukiwekea uji wa wachimbaji. Wanawake na wasichana hatukuruhusiwa kuona ndiva ikifunguliwa. Tulifika na uji mpaka jiweni, tukautua, tukageuka. Hakuna aliyetuambia kwa nini.

Sasa nawaona wote bado wamesimama pale, wamegeuka, miaka sitini na zaidi. Mama yangu yumo. Ndege amejenga kiota begani kwake, naye hajamfukuza.

"Mama, twende nyumbani."

"Hawajasema tayari, mwanangu. Halafu huyu ndege ana mayai."

Nikaigeukia ndiva kwa hasira. "Hii amri ni yako?"

"Yangu? Mimi sina macho, bibi. Anayenitazama nitamjuaje? Niliikuta kwa watu."

"Tuifanyeje?"

"Mkija kuzoa tope, izoeni nayo. Ile ya wa mwisho kunywa kwanza, hiyo niachieni."

Nikatazama miguu yangu, nikaona ni ya mtoto wa miaka saba. Nami nimegeuka kama wenzangu. Nyuma yangu nasikia babu yangu, Mzee Mrutu, anaanza kutembea kutoka kwenye jiwe letu, upande wa mawio, anahesabu kwa sauti kubwa.

"Moja! Mbili! Tatu!"

"We Mrutu," mzee mwingine anamwambia, "unamhesabia nani? Sisi sote njia tunaijua."

"Nazeeka bwana, nisije nikasahau. Nne! Tano!"

"Na makelele ya nini?"

"Masikio nayo yanazeeka. Sita!"

Alifika kumi na moja, akagonga fimbo kwenye jiwe lililoziba tundu. Ko! Kisha nikasikia maji.

Nikakiambia kibuyu, "Lakini babu hakuwa mzee mwaka ule. Alikuwa bado anapanda miti. Na masikio yake yalisikia mbuzi akikohoa ng'ambo ya bonde."

"Ehee," kibuyu kikasema. "Kwa hiyo alikuwa anamhesabia nani?"

Miaka yote nilijua namba ile, nikaichukulia kama wimbo wa mtoto tu, kitu cha kuniliwaza nikipepeta mahindi. Sikuwahi kufikiri kuwa nilipewa.

Kibuyu kikavua viatu, kikanipa. "Vaa. Babu yako alikuwa mrefu kama mumeo. Hatua zako fupi zitatupeleka pabaya."

Nikavaa. Nikageuka. Hakuna aliyenikemea. Mama naye akageuka, polepole, ndege asianguke. Nikahesabu kwa sauti kubwa mpaka kumi na moja, na mguu wa kulia ukazama kwenye tope la kijivu, baridi, mpaka kwenye kifundo.

Nikaamka. Kumekucha. Kibuyu kiko ukutani kwenye msumari wake, kimya kama siku zote. Nje Naelijwa anaita.

"Hodi, bibi! Watu wameshaanza kupanda. Leo nimekubebea jembe, la kwako ni zito."

"Mwanangu, kimbia ukamwambie Sefania asitoboe mpaka nifike. Mwambie tundu ninalijua."

"Bibi! Unalijua tangu lini?"

"Tangu nina miaka saba. Kimbia."

Nikasikia kandambili zake zinakwenda mbio. Nikainama kuvuta viatu vya marehemu chini ya kitanda, maana hatua zangu ni fupi. Vimekaa huko tangu tulipomzika, na vumbi nilikuwa nimelizoea.

Hapa kwetu udongo ni mwekundu, na mvua hatujaiona mwezi wa pili sasa. Kiatu cha kushoto kilikuwa na vumbi lake. Cha kulia kilikuwa kizito. Nikakigeuza, tope la kijivu likanidondokea mguuni, bado baridi.