Waya wa Pili

Bwana Kaizar, mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, aliona taa ya manjano kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, akamjia juu fundi wake. Ofisi nzima ya Kibokoni ikatega masikio.

"We Mejumaa! Waya wa pili umeuzima wa nini?"

"Swichi imeuzima yenyewe, ndivyo nilivyoipanga. Wa kwanza ukikatika, huu utawaka. Nyaya zote mbili zaenda pahali pamoja; zikiwaka zote, habari zitazunguka humo kama pia, mtandao ufe."

"Mkono mmoja haulei mwana! Uwashe, ama kazi huna."

"Siwashi."

Kaizar akauwasha mwenyewe. Kompyuta zote zikaganda, makarani wakaangua kicheko.

Mejumaa akauchomoa ule waya, akaukunja, akaukalia. Kompyuta zikazinduka.

"Haya, nifukuze, bwana. Lakini kwanza niinue."