Bihogo wa Louisville

Kaka yangu Gatera alitoka Louisville kuja kwangu Columbus, ili twende pamoja Buffalo kumposea mwanangu mke, akiwa ndani ya gari lisilo na kiti cha nyuma, redio wala kipasha joto. Na ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilisimama mlangoni nimejifunga kitenge juu ya koti, nikalitazama, nikamwuliza abiria wanakaa wapi.

"Dada, hii haikutengenezwaka juu ya kubeba watu," akasema. "Ni ya mashindano."

Basi mjomba wa bwana harusi, ambaye ndiye anayesimama mahali pa baba tangu mume wangu afariki, alikuwa anakwenda kuomba binti wa watu na gari lisilobeba watu.

Tulieleze gari lenyewe, maana kaka yangu halali bila kulieleza. Lilitengenezwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na ya namna yake yalitoka machache tu, kwa ajili ya wakimbizaji. Si mashindano ya kuzunguka uwanja. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanakimbia robo maili kwenye barabara iliyonyooka, na mchezo umekwisha. Robo maili! Kutoka mlangoni pangu hadi duka la Msomali ninakonunua unga ni mbali zaidi, nami naenda kwa miguu. Mzee mmoja wa Indiana alishinda nalo sana ujanani, kisha likamzeekea ghalani, kuku wakalifanya nyumba yao. Gatera aliliona huko, akalipenda kwa mapenzi ambayo hajawahi kumpa binadamu.

Kaka yangu anapakia maboksi kwenye ghala moja Louisville. Wanaume wenzake wa kanisani walijifunza kuongoza kwaya, wengine wakanunua nyumba. Yeye kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, alikuwa amelala chali chini ya kutu. Alitafuta nati mpaka majimbo ambayo sijui kuyatamka. Siku ya kupaka rangi alimkatalia fundi wa rangi vikaratasi vyake vyote vya mifano, mpaka yule Mmarekani akachoka, akachanganya rangi mpya kabisa, nyekundu ya kahawia, na juu yake wakairudisha namba nyeupe ya mashindano mlangoni. Hajaoa. Angemwoa nani? Kiti cha pili kimejaa spana.

Tuliondoka misafara miwili: yeye peke yake mbele na ngurumo zake, sisi nyuma katika Toyota yangu ambayo haijui sifa ila inafika. Mwanangu Nkusi ndiye aliyeendesha. Nyuma alikaa mzee Protasi, msemaji wetu, amepakata kibuyu cha maziwa na simu. Niliwaachia wenzangu zamu yangu kwa wazee ninaowahudumia Clintonville, nikavaa viatu vipya, nikasafiri kwa muda wa saa tano nikinusa moshi wa mdogo wangu.

Kila kituo cha mafuta alisimama. Gari lile linakunywa kama harusi. Na kila aliposimama, wazungu walitoka kwenye magari yao ya maana, magari yenye joto, wakalizunguka wakilipiga picha. Karibu na Cleveland kibabu mmoja alivua kofia. Akaweka kiganja kwenye boneti, macho yakamjaa machozi. Gatera akasimama kando yake, kifua mbele, anatetemeka kwa baridi.

"Mama, please," Nkusi aliniambia nilipoanza kucheka. "Leave him alone."

Alikuwa na hofu, kijana wangu. Umurerwa, binti mwenyewe, alimpenda kweli, na yeye alimpenda Umurerwa mpaka akakonda. Lakini baba wa binti, Semahoro, si mtu wa kuchezea. Mzee huyu anakaa Riverside, Buffalo, katika nyumba ndogo karibu na mto, na anajihesabu kuwa mlinzi wa mwisho wa mila za milimani kwetu Kivu Kusini. Wachumba wawili walikwisha kurudishwa, mmoja kwa sababu mjomba wake alikaa kabla ya kukaribishwa. Hilo lilikuwa jambo la siku ile: Semahoro akikasirika, Nkusi wangu anarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo njiani nilimwambia Protasi aturudie sheria zote. Akazirudia vizuri, hasa ile kubwa. Kwetu, siku ya mahari, ng'ombe unayemsifu mbele ya baba wa binti ni ng'ombe uliyekwisha kumtoa. Ndiyo maana mwenye akili huwasifu anaowatoa, na waliobaki nyumbani huwafumbia mdomo. Marehemu shangazi yetu alikuwa na mume aliyempoteza fahali wake wa pekee kwa njia hiyo, baada ya pombe. Ukishasifu, kusema "nilikuwa natania" ni kumtukana mkwe hadharani, na posa inafia hapo hapo.

Bila shaka Gatera hakuyasikia haya. Alikuwa mbele yetu akisikiliza injini.

Semahoro alitupokea ukumbini, fimbo mkononi, na watu wake wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nje Gatera alikuwa ameegesha gari lake mbele kabisa ya dirisha, kama vile lingekuja kula. Tulikaa tulipokaribishwa. Salamu zilikwenda vizuri, kibuyu kilikwenda vizuri. Ikafika saa ya kuonyesha ng'ombe.

Wote tunajua kwamba Marekani ng'ombe wa mahari wamo kwenye bahasha. Hakuna anayeswaga mifugo kwenye barabara kuu. Ila lazima wasifiwe kama wapo, pembe na mwendo na ukoo, na hiyo ndiyo kazi ya msemaji. Protasi akasimama. Akakohoa. Akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kusoma ng'ombe kwenye simu kwa kidole.

Semahoro alimwacha asome kidogo. Kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Bon," akasema. "Batu ya Louisville na Columbus, donc ng'ombe yenu iko ya kusoma. Mumeshakuwa bazungu. Hapa ndani hakuna hata mutu moja mwenye alishaka kupenda ng'ombe na roho yake."

Watu wake wakacheka naye. Nkusi aliinamisha kichwa. Nilitaka kusema, lakini mama wa kijana hasemi, nikauma kitenge changu. Hapo nikasikia kiti kinasogea.

Gatera alikuwa amesimama. Aliinua mikono juu ya kichwa, akaikunja kama pembe, jinsi baba yetu alivyokuwa akifanya. Macho yalikuwa dirishani.

"Bihogo ya kwetu," akaanza, "mwenye rangi ya udongo ya mulima nyuma ya mvua!"

Waliokuwa wakicheka wakageuka.

"Anasimama kimya, na wenzake wanajua mukubwa ni nani! Akipumua, milango ya majirani inatetemeka! Walimuita kwa kukimbia, akawaachia moshi wakunywe! Nilimutoa mu mavi ya kuku, nikamuosha mufupa kwa mufupa. Leo anang'aa kupita siku mama yake alimuzaa!"

Sauti ile sikuijua. Mdogo wangu, ambaye kanisani hawezi kusoma mstari mmoja bila kigugumizi, alikuwa anatoa sifa kama mchunga ng'ombe wa zamani, na wazee wa Semahoro walianza kumwitikia kwa miguno bila kujijua. Mama mmoja akapiga vigelegele. Jina lile nililijua. Bihogo lilikuwa jina la ng'ombe mwekundu aliyeongoza kundi la baba. Siku kundi letu liliponyang'anywa mlimani, aliyekuwa akilichunga ni Gatera. Alirudi nyumbani na fimbo tu. Nikalitazama gari lile kupitia dirisha, nikaiona rangi yake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeicheka kutoka Columbus hadi Buffalo.

Kisha watu walifuata macho yake, wakaelewa anamsifu nani. Vicheko vikaanza nyuma, vikaenea. Gatera akashusha mikono kama mtu aliyeamshwa.

Semahoro hakucheka. Aligonga fimbo chini.

"Tumemuona," akasema. "Tumemupenda. Tumemupokea."

Hayo ndiyo maneno ya kumpokea ng'ombe wa mahari, hayana mengine nyuma yake. Niliona uso wa kaka yangu unapauka. Nakiri nilitaka kucheka: bingwa wa robo maili ameshindwa akiwa amesimama. Lakini nikamwona Nkusi. Alikuwa anamtazama mjomba wake kwa macho ya kuomba, na kule kwenye mlango wa jikoni Umurerwa alikuwa ameweka mkono mdomoni. Gatera angesema neno moja tu, "nilitania," na wale wawili wangekwisha.

Gatera aligeukia mlango. Akatoka nje.

Tukasikia injini inawaka. Vioo vya nyumba vikatetemeka, vikombe vikalia kabatini. Ngurumo ikasogea, ikaenda barabarani, ikafifia upande wa mto.

"Amekimbia," mtu akasema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kaka yangu dakika ile. Nilimtukana moyoni kwa lugha zote ninazozijua. Chuma! Kumtupa mtoto wa dada yako kwa ajili ya chuma! Semahoro alikuwa ameshaegemea kiti, ametabasamu kidogo, kama mtu aliyetabiri mvua ikanyesha. Protasi akaanza kukusanya vitu vyetu.

Ndipo ngurumo ikarudi. Ilikuja polepole, ikapita pembeni mwa nyumba, ikaingia uani. Tukatoka wote. Gatera alikuwa amelizungusha mtaa mzima ili aliingize kwa kichwa, uso kwenye nyumba, maana ng'ombe wa mahari haingizwi zizini kinyumenyume. Alizima, akashuka, akafuta boneti kwa mkono wa koti lake la sherehe. Kwenye viganja vyake kulikuwa na ufunguo uliofungwa kamba ya ngozi.

"Baba mukwe," akamwambia Semahoro, "asubuhi ya baridi musimukimbize. Mumuache apumue kwanza. Mvua haimuuwi, lakini chumvi ya barabara inamukula. Wakati wa theluji mumufunike."

"Tutamuchunga," akasema Semahoro, ambaye hana hata leseni.

Gatera akafungua fundo. Ilimchukua muda. Akampa mzee ufunguo, ile kamba akaitia mfukoni. Wazee waliguna kwa heshima, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa: ng'ombe anakwenda, kamba inabaki kwa aliyemtoa, ili zizi lake lisife. Wale waliotunyang'anya mlimani walikwenda na ng'ombe na kamba zote.

Umurerwa tulipewa. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakachungulia. Watu wale wale waliocheka walikuja kumshika Gatera mkono, wakimwita mtu wa mila, shujaa wa ukoo. Wanafiki watupu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza atarudije Louisville.

Alirudi nasi. Alikaa mbele karibu na Nkusi, mimi nyuma nimebanwa na Protasi na kibuyu kitupu. Tulipokuwa tunaondoka Gatera alitazama mbele tu, shingo imekakamaa. Mimi niligeuka. Mke wa Semahoro alikuwa ametoka jikoni na sufuria kubwa ya wali, bado inafuka moshi, akatafuta pa kuitua, akaitua juu ya boneti. Kisha akaisukuma kidogo ikae vizuri.

Kipasha joto cha Toyota kilifanya kazi njia nzima. Protasi akalala. Nilikuwa na maneno mengi ya kumcheka kaka yangu, niliyoyaandaa tangu Columbus, na hata moja halikunitoka. Tulipopita Erie chembe za kwanza za theluji zikaanza kugonga kioo.

"Dada," Gatera akasema bila kugeuka. Kamba ilikuwa mkononi mwake. "Unawaza atamufunika?"

"Atamufunika," nikamjibu. "Nimemuona bibi yake anatoa blanketi."