Waliorudi Nyuma

Asubuhi ya mazoezi ya vita katika uwanda wa Thesalia, Meja Evanthia Tsoukala alirundika karibu vifaru vyetu vyote ubavu wa kushoto. Mimi, Kapteni Lazaros, aliniachia vinne tu, kulia.

"Wakija, rudi nyuma taratibu. Usikubali kupigana."

"Afande, nimekuja kupigana, sikuja kukimbia!"

"Nani kasema ukimbie? Kukimbia hata kuku anajua. Kurudi nyuma huku umemkazia adui macho, hiyo inataka moyo."

Mpinzani wetu, Kanali Stavreas, alikuwa na vifaru mara mbili ya vyetu. Ni Msparta, na jana yake mezani alimchokoza meja, mzaliwa wa Thebe.

"Nyie Wathebe si ndio mliojiunga na Mwajemi alipoivamia Ugiriki ya kale?"

"Ndio sisi, Kanali. Na ndio sisi tuliowavunja nyie kule Leuktra."

Meza nzima iliangua kicheko. Mpango wa meja asubuhi ile ulikuwa huohuo wa vita vya Leuktra: wahenga wake walikuwa wachache, wakarundika askari kushoto, mbele ya mfalme wa Sparta na wateule wake, na upande wao dhaifu wakauzuia nyuma. Kichwa kilipopondwa, mwili ukalegea.

Basi vifaru vya kanali vikanijia kwa vumbi na ngurumo. Nikarudi nyuma, nikasimama, nikarudi tena. Waamuzi wakatangaza kifaru changu kimoja kimekufa, kisha cha pili. Vijana wangu walinitazama kama nimewauza. Nikasaga meno.

"Shikilieni! Msigeuze mgongo!"

Ghafla, vifaru vilivyokuwa vikitufukuza vikasimama, havijui pa kwenda. Kule kushoto meja alikuwa amepasua kikosi bora cha kanali hadi kwenye makao yake ya amri. Waamuzi wakapandisha bendera: tumeshinda.

Kanali alikuja, vumbi hadi kwenye nyusi, akamnyooshea meja mkono.

"Zaidi ya miaka elfu mbili, binti, na bado mnatupiga palepale!"

"Mpe mkono kapteni wangu kwanza," meja akasema. "Sisi tulipiga tu. Yeye ndiye aliyevumilia."

Mzee yule wa Sparta akakakamaa, akanipigia saluti, mimi mdogo wake kwa cheo.

Nikaipokea. Niliporudi kwa vijana wangu, niliwakuta juu ya vifaru, hata wale "waliokufa", wakila matikiti, vifua mbele kama majogoo.