Kurasa Nne za Mke Wake

Mtunzi alifika ukumbini saa tatu asubuhi, mlinzi wa mlangoni akamzuia. "Leo wapiga vyombo tu, mzee." Akajieleza kwamba muziki wenyewe ni wake. Mlinzi akamtazama mpaka viatu, akacheka. "Basi ingia, nisije nikaimbwa vibaya humo ndani."

Alikaa peke yake safu ya kumi, viti vitupu kila upande. Jukwaani walikuwepo watu sitini ambao hakuwahi kunywa nao hata chai. Tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, aliwasikia kichwani tu, akiandika kwenye meza ya jikoni.

Walianza vizuri, mwili ukamsisimka. Kisha wakafika kwenye kurasa nne za fidla na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na muziki ukaanza kujikokota. Mpiga filimbi akapiga mwayo, akauficha kwa kiganja. Kiongozi wa okestra, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, akashusha kijiti chake cha kuongozea.

"Mwalimu, hapa tunazama," alisema bila ukali. "Nikiziruka hizi nne, utaniwia radhi?"

Mtunzi akajikaza kisabuni. "Jaribuni."

Wakaziruka. Laiti muziki ungeharibika! Muziki ulitiririka kama mfereji uliozibuliwa. Akachukua penseli, akazipiga mstari mwenyewe kurasa zote nne. Hakumwambia mtu yeyote mle ukumbini kwamba aliziandika wiki ile mkewe alipolazwa, akifuata pumzi zake kitandani: fupi, ndefu, kisha kusubiri.

Wakati wa mapumziko wapiga vyombo walitoka makundi makundi, wakitaniana. Yeye akabaki kitini. Dada yake akapiga simu.

"Haya kaka, ule wimbo wa wifi umesikikaje?"

"Haumo tena."

"Wameukata? Hebu nipe huyo kiongozi wao!"

"Nimeukata mimi, dada. Ulikuwa unauzamisha muziki wote."

Dada akasema taratibu, "Basi niimbie mimi. Mimi sizami."

Akajaribu. Alianza na sauti ya selo, akakumbuka fidla zinaingia juu yake, akahamia huko, selo ikampotea. Akaanza upya. Kilichoandikiwa watu wengi hakikuenea katika koo moja.

"Endelea, nasikiliza," dada alisema.

Lakini wapiga vyombo walikwisha kurudi, wakiburuta viti. Mtunzi akamwambia atampigia baadaye.