Dada Aliyetumwa Kama Kiambatisho

Karani wa utawala alikuwa anapangusa kibodi kwa pamba yenye spiriti, maana mtu wa zamu iliyopita alikuwa amekula mkate juu yake, pale dada yake mkubwa alipoingia ofisini bila mkono wa kushoto. Mkono haukuwa umekatika. Haukuwepo tu, kuanzia kwenye kiwiko. Mkono wa shati ulikuwa umekunjwa na kupigwa pasi sawasawa, kwa sababu dada alikuwa mpiga pasi wa dobi ya hospitali hiyo na hakuvumilia kikunjo hata kwenye msiba.

"Wamenifuta wapi tena?" dada akauliza.

Karani akafungua barua pepe, akaisoma taratibu kutoka juu hadi chini. "Ile aya ya mwenzako aliyeungua. Imeondoka yote."

"Basi ndiyo maana," dada akasema, akavuta kiti kwa mkono uliobaki.

Hospitali ile ilikuwa na njia moja tu ya kupandisha maneno. Mtu wa chini aliandika, msimamizi wake akasambaza kwa mkuu wa huduma, mkuu wa huduma akasambaza kwa mkurugenzi, na nakala za kila hatua zikapitia kwa karani. Na kusambaza kulikuwa kwa aina moja: ndani ya ujumbe. Maneno ya mwandishi yalimwagwa wazi kwenye ujumbe mpya kama nguo zilizotolewa kapuni, na kila aliyepita akachomoa asichokipenda kabla ya kupeleka mbele. Kilichofutwa kwenye barua kilifutika pia kwa aliyeiandika. Jambo hilo lilijulikana jengo zima. Mhasibu mmoja alikuwa amepoteza kivuli kwa aya moja tu kuhusu mafuta ya jenereta. Watu walimpa pole, wakaendelea na chai.

Dada alikuwa ameandika kwamba mashine ya kunyoosha mashuka, ile yenye rola za moto, kitufe chake chekundu cha kuizima kwa dharura kimekufa. Aliandika kwamba feni ya kutolea mvuke imekufa pia, na kwamba mwenzake wa zamu alivutwa na shuka mpaka akaungua vidole. Mwisho akaandika, "Sisi si kuni," akaomba kitufe kipya, na akamalizia kwa "Asante."

Msimamizi wake aliipunguza barua hiyo mara tatu. Feni ilipofutwa, pua ya dada iliacha kunusa. "Sisi si kuni" ilipofutwa, kwa sababu eti ni lugha kali, sauti yake ilishuka, na tangu siku hiyo aliongea kama anayembembeleza mtoto alale. Sasa mkono. Kitufe chenyewe kilikuwa kimebaki katika sentensi iliyosema kinahitaji kuangaliwa muda ukiruhusu. Kwa hiyo mtu mwenye mkono mmoja, asiyeweza kupiga kelele, alikuwa akilisha mashuka kwenye mashine isiyozimika. Shuka likimvuta huyo, nani atasikia?

Karani alishuka dobi na hasira zake zote. Msimamizi, aliyeitwa Bwana Kwa Ufupi hata na mkewe, alikuwa anahesabu foronya.

"Bwana, umemfuta dada yangu mkono."

"Nimempunguzia mzee wa juu usumbufu, bibie. Barua ndefu haisomwi."

"Mwenzake ameungua! Hilo nalo ni usumbufu?"

"Ameshapona yule. Mambo mengine ni funika kombe mwanaharamu apite." Akatia mate kidoleni, akaendelea na foronya zake. "Na nikwambie ukweli, barua imependeza sasa. Imetulia."

Karani alitamani kumfunga foronya mdomoni. Hana haya mtu huyu, wala hajui vibaya! Akapanda ngazi huku damu inamchemka, akaketi, akaitafuta barua ya kwanza kabisa ambayo dada alimtumia yeye nakala, nzima, haijaguswa na mtu. Kwenye orodha ya amri kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyewahi kuibonyeza katika ofisi ile: sambaza kama kiambatisho. Barua ya namna hiyo huenda imefungwa, kama ilivyoandikwa, na wa katikati hana pa kuingiza mkono. Akaandika anwani ya mkurugenzi moja kwa moja. Akabonyeza.

Dada alikuwa chini, ameshika pindo la shuka. Shuka likaanguka. Juu, kwenye kiti cha wageni mbele ya meza ya mkurugenzi, dada akatokea akiwa mzima kama siku aliyoandika: mikono miwili, nywele zimelowa mvuke, anatoa harufu ya dawa ya kufulia, na uso wa mtu aliyechoka kuvumilia. Mdomo ulikuwa umefumbwa. Asingeweza kusema mpaka afunguliwe.

Mlinzi wa ghorofa alimvika kitambulisho cha wageni. Mahali pa jina akaandika "Kiambatisho".

Mkurugenzi alipofika alimwona, akazunguka kiti, akaketi kwake. "Mimi sifungui viambatisho," alimwambia karani kwa simu. "Vinaleta virusi. Niletee ndani ya ujumbe, kwa kifupi."

"Kwa kifupi ndivyo alivyopoteza mkono, mzee."

"Hayo ni ya ngazi za chini," mkurugenzi akasema, akakata.

Dada akakaa pale. Wageni walimpa mkoba awashikie. Fundi wa taa alimwegemezea ngazi. Karani alimletea chai kila siku na kila siku akairudisha imepoa. Huko chini mwenzake wa zamu alilisha mashine peke yake, vidole vimefungwa bandeji. Karani aliacha kumsalimia mkurugenzi, na mkurugenzi hakugundua.

Kilichomfanya afungue hatimaye kilikuwa kiti. Walikuja wafadhili, viti vikapungua, na mkurugenzi akaona kumsoma mtu aondoke ni haraka kuliko kumnyanyua. Akabonyeza. Karani alikuwa mlangoni na sinia la vikombe vya chai.

Dada akafumbua mdomo. Loo, sauti ile! Alisema kitufe, akasema feni, akasema nyama ya mwenzake ilivyonuka kwenye rola na wao wakaambiwa wabadilishe shuka maana limechafuka. Alipiga meza kwa kiganja cha kushoto. "Sisi si kuni!" akasema, na vikombe vikalia kwenye sinia. Wafadhili waligeuka kumtazama. Mkurugenzi alivua miwani, akasikiliza mpaka neno la mwisho, na macho yakamlowa kweli. Karani alimwona kwa macho yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza kifua chake kikashuka.

"Nimekuelewa, mama," mkurugenzi akasema. "Nimekuelewa kabisa. Hili nalishughulikia sasa hivi."

Akachukua simu yake, akaanza kusambaza kwa fundi mkuu, ndani ya ujumbe, kwa kidole gumba.

"Mzee, usifute!" karani akapiga kelele. "Itume ilivyo!"

"Fundi ana kazi nyingi, binti. Tusimchoshe." Gumba likapita juu ya kioo, likarudi, likapita tena. Mkono wa kushoto wa dada ukaondoka mezani. Ukaondoka na wa kulia mpaka kwenye kifundo. Hasira ikamtoka usoni, kisha uchovu, kisha kile kilichomfanya karani amtambue tangu utotoni kuwa ni dada. Mkurugenzi alifika mwisho wa barua, akakuta neno moja la heshima, akaona linapendeza, akaliacha. Akatuma.

"Asante," dada akasema.

"Dada, niangalie. Ni mimi."

"Asante," dada akasema, akampisha mfadhili kiti, akashuka kwenda kwenye mashine.

Karani akaachia sinia. Akamtukana mkurugenzi matusi ambayo hakujua kama anayajua, mbele ya wageni, mpaka mlinzi akamshika bega. Mkurugenzi alisubiri amalize. Alikuwa anapangusa chai kwenye suruali, wala hakukasirika.

"Dada yako ana adabu sana," akamwambia. "Ungejifunza kwake."