Nani Kalilegeza Gauni la Wifi

Mimi kile kipindi sikukipenda tangu siku ya kwanza, na nililisema hilo kwa sauti, mbele ya watu. Kila ikifika saa kumi jioni Mzee wa Suti alikuwa anaweka mkasi mezani, anapanda kigoda na kuwasha televisheni iliyokaa juu ya rafu ya vitambaa, na chumba chote cha ushonaji kinanyamaza. Hapo wanatokea wale watu wanene, wanakimbia kwenye mchanga, wanavuta matairi ya lori, wanafokewa na kijana mwenye filimbi ambaye tumbo lake limeshikana na mgongo. Mwisho wa wiki wanapandishwa kwenye mzani mmoja mmoja, muziki wa kutisha unapigwa, na aliyepungua kidogo kuliko wenzake anafungashwa virago huku analia.

"Hiki kipindi kinajenga," Mzee wa Suti alikuwa anasema. Yeye ni fundi wa suti za kiume, na maishani mwake hajawahi kupunguza chochote zaidi ya urefu wa suruali za watu.

"Kinabomoa," namjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mtu angekuwa anapungua kwa kufokewa, wateja wangeshatumaliza sisi."

"Mwangalie yule kaka, mwanangu. Wiki moja tu, kashusha kilo kumi na mbili!"

"Na wewe ungeshusha, Mzee, kama ungefungiwa kambini, unapikiwa na mpishi, na kazi yako kutwa nzima ni kukimbia. Hizo suti angeshona nani?"

Ubishi huo ungekuwa wa kupitisha muda tu, kama asingekuwepo wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye mpiga pasi wetu. Kila tunachoshona kinamalizikia mezani kwake, na yeye ndiye anayekifanya kionekane cha maana hata kama tulikishona kwa hasira. Ni mnene, anacheka kwa mwili mzima, na unene wake hakuwahi kuuonea haya. Lakini nesi wa zahanati alimpima presha, akakunja uso. Akamwambia atembee kila siku, la sivyo.

Hilo "la sivyo" nyumbani kwetu halihitaji ufafanuzi. Mama mkwe alianguka jikoni kwa presha hiyohiyo, mwiko ukiwa bado mkononi, na hakuinuka tena. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Nilimpenda mama yule kuliko nilivyowahi kumwambia, na niliapa kwamba binti yake hataanguka mimi nikiwa nimekaa naangalia.

Kwa hiyo tulianza kutembea. Asubuhi tunakuja kazini kwa miguu, jioni tunarudi kwa miguu, na njia nzima tunasengenya kila nyumba tunayoipita. Hakukuwa na filimbi wala matairi ya lori. Tulikuwa tunafurahi.

Ndipo kipindi kikaanza. Mwanzoni, haki ya Mungu, kilimpandisha mori. Alinunua raba nyekundu, akawa anarukaruka nyuma ya meza ya pasi mpaka sisi tunasogeza vitambaa vya wateja. Mzee wa Suti alinitupia jicho la "si nilikwambia". Mwisho wa wiki, wale wa kwenye televisheni walipokuwa wanapimwa, wifi naye akaenda kwenye duka la dawa la jirani kupanda mzani. Alirudi amevaa kandambili, raba ziko kwapani.

"Nusu kilo," akasema.

"Si umepungua, wifi?"

"Yule kaka kilo kumi na mbili, mimi nusu! Nusu kilo hiyo ni nyama ya chakula cha jioni, siyo kupungua. Mwili wangu haupungui. Kuna watu na kuna mimi. Niacheni."

Kesho yake akapanda basi, na kesho kutwa pia. Kipindi kikianza anavuta kiti mbele, pakiti ya biskuti mapajani, anawaambia wale watu, "Kimbieni, wenzangu, kimbieni na kwa niaba yangu." Sote tulicheka, lakini mimi moyoni nilikuwa naumia. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamsemea kwa mdogo wake. Mume wangu akajaribu naye, akaambiwa ale biskuti anyamaze.

Gauni lake la kazi huwa linalala pale dukani, kwenye msumari nyuma ya mlango. Ni la bluu, mikono mifupi, nililishona mwenyewe, na kama fundi yeyote mwenye akili niliacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavuni, maana miili ya watu hubadilika. Jioni moja, wifi alipokwisha kuwahi basi lake, nikalishusha. Nikafumua mishono kwa kiwembe, nikaachia kitambaa kiasi cha upana wa kidole kila upande, nikashona upya. Wapo watu wanaojua kumtia mtu moyo kwa maneno mazuri. Mimi sikujaliwa hilo, nilijaliwa cherehani.

Asubuhi akalivaa. Akajishika kiuno, akageuka huku, akageuka kule.

"Wifi, hebu njoo. Hili gauni linapwaya!"

"Ulitaka lifanyeje, na ulivyotembea kote kule?"

"Lakini si nimeacha kutembea siku nyingi?"

"Mwili unachelewa kupata habari," nikamjibu, na Mungu anisamehe.

Jioni hiyo akazitafuta raba zake chini ya meza. Tukarudi njiani, tukarudi kwenye nyumba zetu za kusengenya, ambazo zilikuwa zimejikusanyia mambo mengi tulipokuwa hatupo. Wiki zikapita. Biskuti zikakaa kabatini mpaka zikalainika. Mimi nikawa namwangalia wifi anavyotembea mbele yangu, mkoba unamcheza begani, na nikawa nalala usingizi mzuri.

Nisichokijua ni kwamba Mzee wa Suti naye alikuwa ameumia roho. Alijua kabisa ni kipindi chake kilichomvunja moyo wifi, ila mdomo wa kukubali hana. Na yeye pia ana kiwembe, ana cherehani, na gauni linaning'inia palepale. Mafundi wawili ndani ya chumba kimoja wakawa na wazo moja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tofauti ni kwamba yeye ni mtu wa makoti, mkono wake haujui kidogo. Jioni moja, sisi tulipokwisha kuondoka, alifumua mpaka kitambaa cha akiba kikaisha chote.

Asubuhi iliyofuata wifi alitoka nyuma ya pazia gauni limemning'inia mabegani. Hakucheka. Uso ulikuwa umempauka.

"Wifi," akaninong'oneza, "mimi naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijui. Jana lilikuwa linapwaya kiasi, leo naogelea. Mtu hapungui hivi kwa usiku mmoja. Hata wale wa kwenye televisheni hawapungui hivi!"

Nikamtazama Mzee wa Suti. Yeye akainamia kifungo ambacho kilikuwa kimeshashonwa, akawa anakishona tena. Nikaelewa kila kitu. Lakini kabla sijapata neno la kuanzia, wifi alikuwa ameshachukua mkoba, yuko barabarani anaelekea zahanati, anajililia njia nzima.

"Mzee! Na wewe?"

"Na mimi? Kwani nani mwingine?" Akanitazama, nikamtazama. Taratibu akaketi. "Nilitaka afurahi kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo! Umemwachia turubai!"

Asubuhi ile hatukushona kitu cha kueleweka. Mimi niliunga mkono wa kushoto upande wa kulia, nikafumua, nikauunga vilevile. Kama wifi angepata kiharusi kwa hofu tuliyomtia sisi wenyewe, ningemwambia nini mume wangu? Nilikuwa nimeshajifunga kanga nimfuate zahanati, ndipo tukamsikia anakuja, anaimba.

"Sina ugonjwa!" akapaza sauti tangu mlangoni. "Presha imeshuka! Nesi kapima, kapima tena kwa kutoamini macho yake. Uzito umepungua, siyo mwingi, lakini umepungua pole pole kama inavyotakiwa. Kasema niendelee hivihivi."

"Na gauni?" Mzee wa Suti akauliza kwa sauti ndogo.

"Kuhusu gauni kasema hajui, yeye siyo fundi."

Nilimkumbatia mpaka akaniambia namkaba. Mambo yangeishia hapo, na gauni tungelirudisha kimya kimya. Lakini kile kipindi balaa kina dakika za watazamaji wanaotuma picha zao, na wifi kwa furaha aliyokuwa nayo akaamua atume ya kwake, amevaa gauni linalompwaya. Na picha haipigwi na gauni lenye makunyanzi. Wifi kutwa nzima anapiga pasi nguo za watu wengine. Gauni lake la kazi tangu nimjue halijawahi kuonja pasi. Ndiyo maana si mimi wala Mzee aliyekumbuka kuogopa.

Akavua, akavaa nguo zake za nyumbani, akaligeuza gauni ndani nje. Akanyoosha mshono wa ubavuni. Pasi ikasimama hewani.

Kwenye kitambaa kulikuwa na mistari miwili ya vitundu vya sindano vya mishono iliyofumuliwa, na mshono wenyewe uko pembeni kabisa. Wifi ndiye anayenyoosha kazi zetu miaka yote, na mkono wa kila mtu anaujua kama anavyojua sauti yake.

"Vitundu hivi vya karibu karibu ni vyako, wifi," akasema. "Na huu mshono mrefu kama unakimbizwa na mbwa ni wa Mzee." Akaiweka pasi chini. "Kwa hiyo mmenifanya mtoto mdogo."

"Wifi, lakini nesi kasema..."

"Nyamaza! Televisheni inanidanganya, na nyinyi mnanidanganya. Angalau televisheni hainiiti wifi!"

Hilo lilinichoma, na lilikuwa haki yangu. Akafunga kamba za raba, akachukua mkoba, akatoka. Mimi nyuma yake. Kituoni basi lilikuwa limesimama, kondakta anamwita kwa mikono miwili, wifi hata hakumtazama. Akakata kona, akaanza kupanda kilima cha kuelekea nyumbani, na mdomo wake hautulii. Alinigombeza kwa ajili ya gauni. Akanigombeza kwa ajili ya sufuria niliyomwunguzia mwaka nilioolewa. Akarudi nyuma mpaka siku ya posa yangu, jinsi wao walivyonitetea kwa wajomba zao, na asante yake ndiyo hii.

"Wifi, ningoje," nikasema.

"Sikungoji!"

Katikati ya kilima mimi pumzi ilinikatika, nikashika ukuta wa nyumba ya watu. Yeye akageuka, akashika kiuno, akaendelea kunigombeza kutoka kule juu bila kupunguza sauti wala mwendo wa maneno. Ndipo nikaisikia sauti yake vizuri.

"Wifi," nikasema, "hutweti."

"Nini?"

"Hutweti! Tangu dukani unanisema, umepanda kilima chote hiki, na sauti yako haijakatika hata mara moja. Mimi ndiye ninayekufa hapa."

Akaweka kiganja kifuani, akasikiliza. Akatazama chini tulikotoka, akatazama juu palipobaki, akanitazama mimi nilivyoushikilia ukuta wa watu. Nikaona midomo yake inaanza kucheza, ila hakutaka nimwone.

"Nilikuwa naogopa," nikamwambia, na machozi yakanitoka bila ruhusa yangu. "Nilikuwa jikoni siku ile na mama. Sikutaka na wewe uanguke. Basi."

Akashuka hatua chache mpaka niliposimama, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yangu mwenyewe, kwa nguvu, kama anafuta meza.

"Si ungeniambia hivyo? Mpaka ufumue gauni?"

"Ningekwambia ungepanda basi."

"Ningepanda," akakubali, na safari hii kicheko kilimshinda, akacheka kwa mwili mzima pale katikati ya barabara. Kisha akakaza uso. "Kesho asubuhi ulirudishe gauni langu kwenye mshono wake wa kwanza kabisa. Libane panapobana. Siku likilegea, nataka nijue ni mimi niliyelilegeza."

"Sawa, wifi."

"Na mwambie na yule mzee wako."

"Nitamwambia."

"Haya, inuka twende, usituaibishe."

Akanishika mkono, akanivuta kupanda kilima, na kunigombeza hakuacha mpaka mlangoni kwangu.